Mgonjwa Anayejiona Mzima Kuliko Wote

Leo nina jambo moja tu la kuwaeleza, na nitalirudia mara kadhaa ili hata atakayefungua redio katikati asipitwe. Upo ugonjwa wa akili ambao mgonjwa wake halii, halalamiki, wala haombi msaada. Anatamba. Anasema yeye ni rais, yeye ni mteule, yeye ndiye mwenye Ziwa Rukwa na kila kilichomo. Wahudumu wa afya huiita hali hiyo imani potofu ya ukuu. Sisi mtaani tunacheka, au tunakasirika, na wakati mwingine tunapiga magoti mbele yake. Mimi nasema kwamba katika yote matatu tunamkosea mtu huyu, kwa sababu tunapima ukubwa wa maneno yake na kuacha kutazama jinsi maisha yake yalivyogeuka.

Hebu tumchukue kijana wa mfano. Hayupo, nimemtunga kwa ajili ya mazungumzo haya. Ana miaka ishirini na minne, anaendesha bodaboda kati ya mtaa wetu wa Katandala na stendi, na msimu wa mavuno hununua mahindi Laela na Matai akaja kuyauza mjini. Ni mpole, mwenye hesabu zake. Wiki moja anaanza kulala saa mbili au tatu tu kwa usiku mzima, na asubuhi hana uchovu hata kidogo. Anaongea haraka, anaruka kutoka jambo hili kwenda lile, ukimkatiza hasikii. Baada ya siku chache anawatangazia wenzake kijiweni kwamba ameteuliwa kusimamia madini yote ya mkoa, na kwamba simu kutoka Ikulu inaweza kuingia wakati wowote. Kufikia mwisho wa wiki fedha za mahindi za watu amezigawa kwa wapita njia, na pikipiki aliyoichukua kwa mkopo ameiuza kwa bei ya kutupa, maana mtu wa hadhi yake hapandi pikipiki. Sasa nikuulize, ndugu msikilizaji: kijana huyu alianza kuumwa lini? Wengi watajibu kwamba ni pale alipoitaja Ikulu. Mimi nasema ni pale alipoacha kulala. Ikulu ilikuja baadaye, na kama asingeitaja, pengine asingegunduliwa na mtu hadi fedha zote ziishe.

Kwa nini hatukuona mapema? Kwa sababu tumezoea kuutambua ugonjwa kwa maumivu. Mwenye homa anatetemeka, mwenye jino anashika shavu, mwenye huzuni anajifungia ndani. Huyu anacheka, anasalimia kila mtu, ana nguvu kuliko sisi sote, na ukimuuliza hali yake atakwambia hajawahi kuwa mzima kama leo. Na anasema kweli, kwa maana ya kwamba ndivyo anavyojisikia. Kwa hiyo watu wanamgeuza burudani. Vijana wanamrekodi kwa simu, wanamwita mheshimiwa, wanamwomba hotuba. Wengine wanachuma. Aliyenunua pikipiki kwa bei ile alijua fika kwamba muuzaji hayuko sawa. Hapa niseme wazi, kwa kuwa jambo hili halisemwi: sheria ya mikataba ya Tanzania inamtaka anayeingia mkataba awe na akili timamu wakati anauingia. Ununuzi wa namna hiyo unaweza kubatilishwa, na familia ina haki ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na ikibidi mahakamani, kudai mali irudi. Kicheko chetu si cha bure hata kidogo, msikilizaji. Kinampotezea mgonjwa siku zilezile ambazo tiba ingemsaidia haraka zaidi.

Sasa tuingie ndani kidogo. Imani hii ya ukuu inatoka wapi? Si ugonjwa mmoja. Ni dalili, na dalili moja inaweza kuletwa na magonjwa mengi. Mara nyingi huja na mania, yaani ile hali ya akili kupanda juu kupita kiasi katika ugonjwa uitwao baipola, ambao pia una vipindi vya kushuka chini kabisa. Huja pia na skizofrenia, ambapo mambo hujengeka polepole zaidi: mtu anajitenga, anasikia sauti zisizosikiwa na wengine, kisha anaanza kuamini kwamba sauti hizo zimemchagua yeye kwa kazi kubwa. Kwa makadirio ya watafiti, karibu theluthi mbili ya wenye baipola na karibu nusu ya wenye skizofrenia huwahi kuwa na imani ya namna hii. Basi si jambo la nadra, wala si kituko cha kijiji kimoja.

Lakini ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa maoni yangu, unatoka katika ugonjwa ambao nyote mnaujua: kaswende. Katika karne ya kumi na tisa hospitali za vichaa za Ulaya zilijaa watu waliojiita wafalme na matajiri wa dunia. Baada ya muda ndimi zao zikawa nzito, miguu ikashindwa kuwabeba, na hatimaye wakafa. Mwaka 1822 daktari Mfaransa, Antoine Bayle, alionyesha kwamba utando unaofunika ubongo wa watu wale ulikuwa umevimba. Mwaka 1913 watafiti wawili waliokuwa New York, Hideyo Noguchi na J. W. Moore, wakakikuta kijidudu cha kaswende ndani ya ubongo wa marehemu wa namna hiyo. Miaka michache baadaye, 1917, Julius Wagner-Jauregg wa Vienna akaanza kuwaambukiza wagonjwa hao malaria kwa makusudi, ili homa kali ikiunguze kijidudu cha kaswende. Ndiyo, malaria hiyohiyo tunayoikimbia sisi ilikuwa dawa, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Kisha ikaja penisilini katika miaka ya 1940, na wafalme wale wakapungua wodini. Ninakuomba ulitafakari hili. Mtu alidhani amekuwa mfalme, na kilichomvika taji ni kijidudu. Hakikuwa kiburi, hayakuwa malezi mabaya, wala hakuwa amemkosea mtu yeyote. Na hata sasa orodha hiyo haijafungwa. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba virusi vya UKIMWI vikiudhoofisha sana mwili vinaweza kuleta mania kwa mtu ambaye hakuwahi kuugua akili maishani mwake. Ndiyo maana ukimfikisha mgonjwa hospitali, daktari ataomba damu. Msishangae, wala msione kwamba anapoteza muda.

Mtaniuliza: kama ubongo ndio unaoumwa, mbona Mfaransa anajiita Napoleon na kijana wa kwetu anajiita msimamizi wa madini? Swali zuri. Ugonjwa unaleta hisia ya ukuu, lakini vazi la ukuu huo mgonjwa analichukua hapohapo alipo. Watafiti wa Slovenia walipekua majalada ya hospitali ya Ljubljana kuanzia mwaka 1881 hadi 2000, na wakaona jinsi imani za wagonjwa zilivyofuata zama zao. Redio ilipoenea, redio ikaingia katika maneno yao, na televisheni ilipokuja nayo ikafuata. Kwetu vazi hilo ni Ikulu, ni mgodi, ni utume, ni utajiri wa siri. Kwa hiyo ukisikia maneno ya mgonjwa yanafanana na habari za jana usiku, usidhani kwamba kuna ukweli umefichwa ndani yake, wala usidhani anaigiza.

Nakuja kwenye kosa la pili tunalolifanya, la kubishana naye. Baba anampeleka kijana mbele ya wazee saba ili wamweleze kwamba yeye si mteule. Wanaeleza hadi jua linazama. Je, inasaidia? Mwanasaikolojia wa Marekani, Milton Rokeach, alijaribu njia kali kuliko hiyo. Kuanzia mwaka 1959, katika hospitali ya Ypsilanti, Michigan, aliwaweka pamoja wagonjwa watatu ambao kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye Kristo. Alitumaini kwamba wakikaa pamoja, kila mmoja ataona haiwezekani Kristo awe watatu. Walikaa takriban miaka miwili. Hakuna aliyeachia. Mmoja alieleza kwamba wenzake wale ni wagonjwa tu wa hospitali ya vichaa, na mwingine akasema wenzake wamekwisha kufa, kinachoongea ndani yao ni mashine. Rokeach alikitoa kitabu chake mwaka 1964, na miaka mingi baadaye akaomba radhi, akikiri kwamba katika jaribio lile aliyejifanya Mungu alikuwa yeye mwenyewe. Imani hii haikuingia kwa mlango wa hoja, na haitoki kwa mlango huo. Ukibishana naye utapata mambo mawili: ataongeza maelezo ya kuitetea, na atakuweka wewe kwenye orodha ya maadui zake.

Basi tumkubalie? Hapana, hilo nalo ni baya. Ukimwita mheshimiwa ili akae kimya, kesho atakudai gari la serikali. Njia iliyobaki ni nyembamba, lakini inapitika: usiikubali imani yake, usiishambulie, jibu lile unaloliona kwa macho. Mwambie, "Mwanangu, hilo la Ikulu mimi silioni kama unavyoliona wewe. Ila naona hujalala siku nyingi, na mwili bila usingizi unaharibika. Twende tukatafute dawa ya usingizi." Hapo hujamdanganya, na umemgusa mahali ambapo hata yeye anaweza kukubali. Wataalamu kama George Brown wa London, tangu miaka ya 1950, waliona kwamba mgonjwa anayerudi katika nyumba ya kelele, lawama na kusimamiwa kila hatua huugua tena upesi kuliko anayerudi penye utulivu. Na hapa nchini, Zanzibar, Mmarekani Juli McGruder aliyefuatilia maisha ya familia zenye wagonjwa wa skizofrenia alizikuta familia ambazo ziliamini habari za mashetani, na bado ziliishi na mgonjwa wao kwa upole wa kila siku, bila kumfanya mtu wa kutengwa. Upole ule ulikuwa na kazi yake, hata kama daktari na familia hawakukubaliana juu ya chanzo.

Hapo nimefungua mlango wa pingamizi ambalo najua limekuwa likiwasumbua tangu mwanzo. Mtasema: huyu bwana anazungumza kama vile haishi huku kwetu Ufipa. Kijana karogwa, kila mtu anajua. Sitabishana na mtu juu ya uchawi katika dakika hizi, na mkoa wetu umechoka kutaniwa na Watanzania wengine kwa jambo hilo. Ninachosema ni hiki: huhitaji kumaliza swali la nani kafanya ili uanze tiba. Aliyevunjika mguu anafungwa plasta hata kama mnaamini alisukumwa na mtu. Hatari iko mahali pengine. Familia inayotafuta aliyeroga huacha kumtazama mgonjwa na kuanza kutazamana. Wazee wanaikumbuka Kamchape iliyopita katika vijiji vya Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambayo mtafiti Mwingereza Roy Willis aliiandikia makala mwaka 1968: vijana wenye dawa wakizunguka kuwasaka wachawi, na uhasama wa vijana na wazee ukalipuka hadharani. Na rambaramba, hao wasaka wachawi wa siku hizi, hawajatuishia. Katika nchi yetu bibi wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Mgonjwa wetu mwenyewe anaweza kuuwasha moto huo, kwa sababu anayejiona mkuu huamini upesi kwamba wapo wanaomwonea wivu, na atawataja kwa majina. Jina litokalo kinywani mwa mtu ambaye hajalala wiki nzima si ushahidi. Narudia kwa wazee wa ukoo: si ushahidi.

Na mganga wa kienyeji je? Watu wanakwenda kwake, na si wajinga. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba karibu nusu ya watu waliokwenda kwa waganga walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida kama wasiwasi na sonona, wakati katika zahanati na vituo vya afya ilikuwa karibu robo. Maana yake, kati ya wanaokwenda kwa waganga, wagonjwa hawa ni wengi kuliko kati ya wanaokwenda zahanati. Mganga anayemsikiliza mtu na kumpoza ndugu zake siwezi kumlaumu. Ila mania haingoji. Ukimweka mgonjwa kwa mganga mwezi mzima amefungwa kamba, hali chakula vizuri wala halali, utamrudisha akiwa na vidonda, upungufu wa maji mwilini, na akili ileile. Nendeni kote kama mnataka, lakini hospitali iwe ya kwanza.

Lipo pingamizi jingine zito zaidi, na hili linatoka kwa watu wa dini na kwa watu wa historia. Wanasema: mnataka kila nabii aitwe mgonjwa? Mbona wakoloni walifanya hivyo? Ni kweli, walifanya. Elijah Masinde, mtu wa Kimilili magharibi mwa Kenya, aliyewahi kuichezea Kenya mpira wa miguu, aliongoza Dini ya Msambwa na kuwahimiza watu wake wakatae amri za serikali ya kikoloni. Mwaka 1945 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na huko alikaa hadi 1947. Na katika miaka hiyo Mathari ilikuwa chini ya daktari J. C. Carothers, ambaye baadaye alithubutu kuilinganisha akili ya Mwafrika mzima na ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa historia ya namna hiyo, mtu akiishuku hospitali ya akili ana sababu. Siwezi kumwambia anyamaze.

Lakini tazama kosa la wale wakoloni lilikuwa nini. Walimhukumu mtu kwa maneno yake. Kwao, Mwafrika aliyesema ametumwa kuwatoa Wazungu alikuwa mwendawazimu kwa sababu ya jambo alilolisema. Kipimo ninachokitetea leo kingemwona Masinde kwa namna nyingine kabisa: alikuwa na watu waliomwelewa na kushiriki imani yake, alipanga mambo yake, aliyafuatilia miaka mingi, na maneno yake yalihusu mateso ambayo jirani zake wote waliyaona. Muumini anayesema Mungu amemwita, akalala usiku, akaamka akalima, akasikiliza wenzake wakimhoji, akakubali kungoja, huyo hana dalili ninayoizungumzia. Mgonjwa wetu hata wa dini yake hawamwelewi. Mchungaji wake au shehe wake ndiye mara nyingi wa kwanza kusema, "Huyu hayuko sawa." Siwaambii kwamba mpaka huo uko wazi kila mara. Wapo wagonjwa waliopata wafuasi, na wapo waumini waliopitia siku za kufunga na kukesha wakasema mambo ya ajabu, kisha wakapumzika na kurudi kawaida bila dawa. Penye utata, angalieni mabadiliko, mpeni siku chache za kulala na kula, mtazame. Msianze na fatwa, msianze na sindano.

Kwa haraka nigusie na wanasiasa, maana kijiweni mfano huu hautakosa. Mtasema Idi Amin alijirundikia vyeo, akajiita mshindi wa Dola ya Uingereza. Je, naye alikuwa na ugonjwa huu? Mimi sipendi mchezo huo. Daktari hapimi mtu kwa picha, na mtu mwenye jeshi, anayeshangiliwa kila anapojipa cheo, haonyeshi akili yake tu, anaonyesha na wanaomshangilia. Zaidi ya hapo, ukimwita kila dikteta kichaa, umemsamehe yeye na umewatukana wagonjwa, ambao wengi wao hawajawahi kumdhuru mtu.

Sasa pingamizi la mwisho, na kwangu ndilo gumu. Kama ana furaha, kwa nini tumtibu? Kwa nini tumnyang'anye mtu maskini ufalme wake, tumrudishie umaskini? Watafiti wa Oxford, Louise Isham na Daniel Freeman na wenzao, wamewauliza wagonjwa wenyewe, katika kazi walizozichapisha kuanzia mwaka 2019. Walichokisikia ni kwamba imani hizi zinawapa watu kusudi la kuishi, zinawapa nafasi ya kuwa muhimu kwa wengine, na ndiyo maana ni vigumu kuziacha. Kwa hiyo pingamizi lina ukweli ndani yake. Ila wagonjwa haohao walieleza madhara: wengine walitembea katikati ya barabara wakiamini hakuna gari litakalowaua, wengine walipoteza ndugu na kazi, wengine walibeba mzigo wa kuiokoa dunia nzima usiku na mchana hadi wakaishiwa nguvu. Furaha hii ina kodi, na kodi inalipwa na mke, na watoto, na mgonjwa mwenyewe pale mania inaposhuka. Siku hiyo anaamka, anakumbuka alichosema kijiweni, anakumbuka fedha za watu, na aibu inamwangukia yote kwa pamoja. Hapo ndipo hatari ya kujiua inakuwa kubwa. Msimwache peke yake katika wiki hizo kwa kudhani amepona.

Kwa hiyo tiba ina sehemu mbili, na sisi huku tumezoea kukumbuka moja. Ya kwanza ni dawa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au hapa mjini kwenye hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Si lazima kuanza na safari ya Dodoma hadi Mirembe, jina ambalo tumelifanya tusi bila sababu. Wa bondeni, Muze na Mtowisa, na wa mwambao, Kasanga na Kirando, msingoje hadi mgonjwa abebwe kwa kamba kwenye gari la mizigo. Njooni wakati bado anakubali kutembea. Zipo dawa za kutuliza kama haloperidoli, zipo za kusawazisha hisia kama lithiamu na kabamazepini, na ipo sindano ya muda mrefu kwa asiyependa kumeza vidonge. Dawa hizi zina maudhi. Shingo inaweza kukakamaa, mikono ikatetemeka, mate yakatoka, usingizi ukazidi. Familia nyingi zikiona shingo imepinda husema mgonjwa kawekewa sumu, zinatupa vidonge vyote. Msitupe. Mrudisheni siku hiyohiyo, dozi itapunguzwa au ataongezewa dawa ya kuondoa maudhi hayo. Na anayetumia lithiamu lazima apimwe damu mara kwa mara, maana ikizidi mwilini inadhuru.

Sehemu ya pili ni kazi. Ukimwondolea mtu ufalme, mpe kitu cha kushika. Zamani Mirembe ilikuwa na kijiji chake cha Hombolo, ambako wagonjwa waliopata nafuu walilima na kufuga, na wazo hilo halijachakaa. John Nash, mwanahisabati wa Marekani, mwaka 1959 alikataa kazi ya Chuo Kikuu cha Chicago kwa maelezo kwamba anakwenda kuwa mfalme wa bara la barafu la Antaktika. Aliugua kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo chuo cha Princeton kilimwacha atembee katika majengo yake, atumie maktaba, aandike ubaoni, na watu wakamzoea. Mwaka 1994 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi aliyoifanya kabla ya kuugua. Sisi hatuna Princeton, lakini tuna mashamba ya maharage na alizeti, tuna ghala, tuna kikundi cha kuweka na kukopa, tuna kwaya. Mtu aliyetoka hospitali arudishiwe nafasi yake humo pole pole, na kazi yake iwe ya kweli: ajue kwamba asipofika, gunia halitashonwa. Fedha nyingi asishike mwanzoni. Akubaliane na ndugu yake mmoja anayemwamini, wakati akili imetulia, nani atashika kadi ya benki na simu yenye salio siku dalili zikirudi. Makubaliano hayo yaandikwe, yeye mwenyewe atie saini.

Na mazungumzo kuhusu kilichotokea? Yafanywe, lakini na mtu mmoja au wawili, ndani ya nyumba. Zile video zilizoko kwenye simu za vijana zifutwe. Wenyeviti wa mitaa, hilo nawaachia ninyi, mnawajua walionazo.

Muda wetu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kifafa na minyoo tegu ya nguruwe, jambo linalowahusu sana wafugaji wa huku kwetu. Wenye maswali ya leo yaacheni hapa mapokezi, bila kuandika jina la mgonjwa.